Mshono wa Kufumuka

Fundi cherehani wa kona ya soko aliwaambia majirani wote kwamba mtoto wa kaka yake anasomea uzamiaji, na majirani wote wakampa pole. Mmoja aliuliza atajificha kwenye meli ya mizigo au ya abiria. Muuza vitunguu, ambaye mwenyewe hakosi harusi ya watu, alitaka kujua tangu lini kuingia sherehe bila kadi kukawa na cheti. Fundi akaeleza mpaka koo likakauka: ni mzamiaji wa majini, mwenye mtungi wa hewa mgongoni, atakayeshuka ndani ya matangi makubwa ya idara ya maji kuondoa takataka zinazoziba vyujio. Bila yeye mtafungua bomba na mtakinga upepo. Wakaitikia kwa adabu, lakini ilikuwa wazi kwamba bado wanangoja habari za meli.

Jumamosi binti mwenyewe akaingia dukani na furushi begani, uso umekunjamana kama shati lililolaliwa. Shangazi yake huyu ndiye aliyemlea tangu meno ya utotoni, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Alisogeza mkasi, akamwonyesha kiti, akangoja.

Habari ilitoka vipande vipande. Mtihani ulikuwa kutulia katikati ya bwawa la kuogelea, usipande wala usishuke, kama picha iliyotundikwa ukutani. Ili mtu asielee juu hubeba vipande vya risasi, na yeye alivifunga kiunoni kwa mkanda. Mkanda ukateleza, ukapita nyonga bila kupiga hodi, ukamvuka miguuni na risasi zake zote. Naye akafyatuka mpaka nje ya maji mbele ya mkufunzi na wanaume kumi na mmoja. Tangu hapo jina lake ni Kizibo. Mtihani wa marudio ni Alhamisi, hakuna mwingine baada ya huo, na akishindwa nafasi inakwenda kwa kijana anayefuata kwenye orodha, ambaye tayari ameanza kumsalimia kwa huruma.

"Risasi za bunduki?" fundi aliuliza.

"Shangazi, tafadhali."

Fundi alijua vizuri risasi ni madini gani. Alikuwa akizishonea ndani ya pindo za mapazia kabla binti huyo hajazaliwa. Aliuliza tu ili aone kama msichana bado ana cheko ndani yake, na akaliona, dogo, pembeni mwa mdomo.

Ndani ya furushi mlikuwa na fulana mbili za kuzamia, zile za kujazwa hewa, ambazo mzamiaji huziongezea hewa akitaka kupanda na kuzipunguza akitaka kushuka. Mkufunzi alikuwa amemwambia achague moja. Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa, na ina mifuko ya kubebea risasi ubavuni. Ya pili ilikuwa ndogo, imepauka, haina mfuko hata wa kuweka peremende. Binti alitaka ile mpya. Yenye mifuko haihitaji mkanda, alisema, na mkanda ndio adui yake.

Fundi akamwambia avae kwanza suti yake ya mpira, kwa sababu nguo ya juu hupimwa juu ya nguo ya ndani. Basi msichana akavaa mpira mweusi kutoka shingoni hadi miguuni, saa nane mchana, katikati ya duka, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua sketi yake na akaamua kwamba hana haraka. Juu yake ikaja fulana mpya. Fundi akapuliza kwenye mrija wa mdomo mpaka akaona nyota. Fulana ilipojaa, akaishika mabegani na kuivuta juu. Ikapanda hadi masikioni. Binti akabaki pale pale alipokuwa.

"Umeona? Majini hii itaelea zake, na wewe utaning'inia ndani kama ulimi wa kengele."

Ile ndogo, ilipovutwa, ilimnyanyua msichana akasimama kwa vidole. Fundi akamwambia avute pumzi ndefu. Akavuta, fulana haikumbana. Kwa upande wa fulana, kazi ikawa imekwisha. Zikabaki risasi.

"Mkanda unataka nyonga za kukalia," fundi alisema, akizungusha futi yake ya kupimia. "Wewe umechukua umbo la baba yako. Kaka yangu alikuwa ubao wa kupigia pasi."

Shida hiyo hakuianza leo. Marehemu mumewe alikuwa na tumbo la heshima na hana kitu chochote nyuma, na siku moja, akiwa amesimama kutoa shukrani mbele ya kadamnasi, suruali ilimtangulia kukaa. Tangu siku ile fundi alimshonea mikanda ya mabegani, na hadi anaondoka duniani hakuna aliyemwona tena magoti. Kilichomfaa yule kitamfaa na huyu. Alikata turubai, akashona mikanda miwili inayopishana mgongoni, na kila ubavu mfuko wa risasi. Binti aliposema kwamba majini miguu yake huzama na kichwa hubaki juu, fundi akaongeza vifuko viwili vidogo vya vipande vyepesi karibu na mabega. Pazia lenye uzito wote kona moja huning'inia kama mlevi. Uzito lazima ugawanywe.

Mifuko ile ya ubavuni aliifunga kwa uzi uliopakwa nta, mshono juu ya mshono. Miaka arobaini hakuna kitu chake kilichowahi kufumuka mwilini mwa mtu.

Jumatatu jioni binti alirudi na mikanda mkononi. Mkufunzi, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, aliisifu fulana, akaisifu mikanda, halafu akashika mfuko na kuvuta. Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu kwenye benchi akavuta tena. Kisha akauliza huyo fundi anampenda mwanafunzi wake au anangoja urithi. Mambo yakiharibika chini, alieleza, mzamiaji anatakiwa aangushe risasi zake kwa mkono mmoja, bila kutazama, kwa mvuto mmoja, ili apande. Alete kitu kinachofumuka.

Neno hilo lilimwingia fundi kama sindano chini ya ukucha. Alisema vitu vinavyofumuka vinashonwa na bwana wa ng'ambo ya barabara, tena huyo hahitaji hata kuagizwa, vinafumuka vyenyewe. Alisema mengi. Alikuwa bado anasema alipomwona binti ameinamia meza ya kukatia, anachokonoa ule mshono mgumu kwa kucha, na haumpi hata uzi mmoja.

"Shangazi," msichana akasema, "mimi sitaki kubaki chini."

Fundi akachukua wembe na kuufumua mshono wake mwenyewe.

Jumanne asubuhi alijaribu vifungo, lakini kidole chenye glovu kama cha mzamiaji hakikuviona. Alijaribu zipu, ikauma kitambaa ikagoma. Alijaribu utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto, ukaiachia risasi kabla ya kuombwa, ikamwangukia kidole cha mguu, na maneno aliyoyasema hayakuwa ya mwanamke wa umri wake.

Akatoka uani akichechemea kwenda kulisha kuku. Gunia la chakula lilikuwa jipya. Akashika ncha ya uzi mdomoni mwa gunia, akavuta, krrrr, mshono wote ukakimbia kutoka pembe hadi pembe, na gunia likafunua mdomo.

Alisimama na uzi mkononi. Kuku wakamtazama, wakaanza kulalamika.

Gunia lile lilitupwa kutoka juu ya lori, likakaliwa, likaburutwa, na halikufunguka. Lakini vuta ncha yake na kazi yote inaachia kwa pamoja. Vuta ncha isiyo yake, utaita kisu, mkasi, meno na jirani. Siku zote aliudharau mshono huo, akiuita kazi ya mashine isiyo na macho. Leo aliuinamia kama mwanafunzi.

Hakutumia uzi, alitumia kamba nene. Upande mmoja wa mdomo wa mfuko aliweka vitanzi, upande wa pili matundu. Kitanzi cha kwanza kikapita tundu lake, cha pili kikapita lake na kuingia ndani ya cha kwanza, cha tatu ndani ya cha pili, hadi cha mwisho, alichokizuia kwa kipande cha kamba chenye kifundo chekundu cha mbao. Ncha ya kuvuta ilikuwa moja tu, hiyo nyekundu. Binti aliporudi kutoka mazoezini alilazwa sakafuni, amefumba macho, amevaa glovu za kuoshea vyombo, akaambiwa avute. Risasi zikaanguka ngu, ngu. Wakafunga upya. Akavuta tena, na tena, mpaka mpangaji wa juu akashuka kuuliza kama wanabomoa.

Alhamisi fundi alikaa kwenye benchi kando ya bwawa, mkoba mapajani. Maji yalikuwa safi, alimwona msichana wake chini, amelala katikati ya maji, mgongo umenyooka, wala hapandi wala hashuki. Kisha mkufunzi akagonga ngazi ya chuma kwa spana, ishara ya kuangusha risasi, na mkono wenye glovu ukashuka ubavuni.

Kamba ilikatalia kidogo. Fundi alinyanyuka. Hapo kitanzi cha mwisho kikatoka, na vyote vikakimbiliana, na risasi zikazama zenyewe. Ubavu wa pili ukafuata bila ubishi. Binti akapanda pole pole akitoa mapovu, akachungulia juu ya maji kama mtu anayechungulia dirishani kwake.

Mmoja wa wanaume aliita Kizibo. "Nipo," akajibu, akivua kioo cha usoni. "Safari hii sikufyatuka, nimekuja kwa miguu yangu." Mkufunzi aliandika neno kwenye karatasi yake, akaigeuza ili msichana asome mwenyewe, na msichana akapiga maji kwa viganja kama mtoto.

Fundi alipiga makofi peke yake benchini. Mshono wake ulikuwa umefumuka mbele za watu, na alikuwa hajapata kuona kitu kizuri hivyo.

Baadaye mkufunzi akamjia, akimzunguka kwanza kama mtu anayetafuta kalamu iliyopotea. Akasifu kamba. Akauliza hali ya hewa. Mwishowe akainama na kusema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia, kwa kweli, kwa umbo lake, mkanda huwa haukai.

Fundi alikwisha kuitoa futi mkobani. Mkufunzi akanyoosha mikono, akavuta tumbo ndani.

"Liachie, baba," fundi akamwambia. "Napima mtu, sipimi nia."