Pumzi Niliyompulizia Mwamvua

Mie nina pumzi, hilo halina ubishi. Makorora nzima wanalijua. Harusi ikiwa Mabawa, mtu anapiga simu: Mwanasiti, njoo utupigie vigelegele, bila wewe shughuli haichangamki. Nakwenda, napiga mpaka watoto wanaziba masikio. Nilikuwa naringa nazo pumzi hizi, Mungu anisamehe. Sasa siringi tena, na harusi za watu nimeacha kwenda.

Nafanya kazi kiwanda cha katani, upande wa brashi, huu mwaka wa kumi na sita. Kwa asiyejua, brashi ni mashine yenye meno inayozunguka kwa kasi. Unashika fungu la katani kavu, unalipitisha, meno yanalichana mpaka linang'aa, na uchafu wote unaruka. Unarukia wapi? Usoni kwako wewe uliyesimama. Tunajifunga vitambaa puani, lakini jioni ukijitazama kwenye kioo hata nyusi nyeupe. Kukohoa kwetu si habari. Asiyekohoa ndiye tunayemuuliza kama kaja kazini kweli.

Mwamvua alikuwa mashine ya pili, mie ya tatu. Shoga yangu wa kufa na kuzikana. Kaingia kiwandani miaka miwili kabla yangu na ndiye aliyenifundisha kazi, tena kwa matusi, maana ulimi wake ulikuwa mkali. Mwaka juzi matusi yakaanza kupungua. Si kwamba kapoa, la. Alikuwa hana pumzi ya kuyamalizia. Ngazi nne tu za ofisini alikuwa anasimama katikati, anajifanya anafunga kanga yake vizuri.

Basi wakaja watafiti. Watatu, kila mmoja na lake. Daktari Najat wa mapafu, na mashine ya kupuliza. Injinia Rafaeli wa mitambo na hewa, na vidude vya kupimia vumbi, anavitundika ukutani. Wa tatu Samiha, binti wa Kipemba, kazi yake kuuliza watu wanaishi vipi na wanafanyaje kazi. Huyo tulimcheka kweli. Ati mtu kasoma mpaka chuo kikuu ili aje kutuuliza tumekula nini na nani anamsaidia nani!

Wakatueleza vizuri. Wanataka kujua ni kitu gani kinatudhuru na kiko wapi, ili kiwanda kirekebishwe. Majina hawaandiki, kila mtu atapewa namba, siri yake isije ikafika kwa wakubwa. Maneno matamu. Lakini sisi tulikuwa na yetu kichwani. Zamani alikuja daktari mwingine kutupima vifua, na waliokutwa wabovu wakaambiwa wakapumzike nyumbani. Mpaka leo wanapumzika.

Mwamvua akanivuta bombani.

"Shoga, nipulizie."

"Nikupulizie nini, we mwanamke?"

"Ile mashine. Mie nikipuliza, ndiyo basi tena. Binti yangu Shadya yuko kidato cha nne, na Sele kazi yake ya useremala unaijua mwenyewe. Chukua namba yangu, jifunge kitambaa, nenda Jumatano. Wale wanatazama namba, hawatazami mtu."

"Na wakijua?"

"Watajuaje? Huna jina pale." Akacheka, kikohozi kikamkata kicheko. "Halafu uape, Mwanasiti. Usimwambie mtu. Hata Sele."

Nikaapa. Jumatatu nikapuliza kwa namba yangu, Jumatano nikapuliza kwa namba kumi na saba, namba ya Mwamvua. Daktari Najat alikuwa na msaidizi wake, wote wawili macho kwenye kioo cha mashine. Nilipomaliza daktari akasema, "Maashallah, mama, hayo ndiyo mapafu!" Wallahi nilifurahi. Nilitoka pale najiona nimemwokoa mwenzangu.

Baada ya wiki kadhaa kila mtu akapewa karatasi yake. Ya Mwamvua iliandikwa: namba kumi na saba, mapafu mazuri sana. Mumewe, Sele, aliisoma mara tatu, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na hati za nyumba. Na kiwanda kikaitisha mkutano. Feni kubwa za kuvuta vumbi zitafungwa, lakini zitaanza kwenye kusokota kamba, maana wanawake wa brashi vifua vyao ni vizima kuliko vya watu wote. Injinia Rafaeli akasimama akabisha. Vipimo vyake vinasema vumbi la brashi ni mara nne ya la kwingine. Daktari Najat akamjibu kwamba vumbi si ugonjwa, yeye amepima watu. Wakabishana mbele yetu, huyu anamwambia mwenzake chombo chako kibovu, na yule hivyohivyo. Sisi tukainamisha vichwa. Mwamvua alikaa karibu yangu, nikausikia mluzi wa kifua chake kila akivuta hewa.

Mwezi uliofuata akashindwa kuja kazini. Nilikwenda kumtazama, nimempelekea uji wa pilipili manga, nikamkuta Sele anamtayarisha kwenda zahanati. Nikaandamana nao. Yule tabibu akauliza maswali, akasikiliza kifua, akasema anahisi mapafu yana shida, kazi yake mama ni ipi? Sele akaitoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki.

"Mapafu amepimwa kiwandani na madaktari wa chuo kikuu. Hayana neno. Tazama."

Tabibu akaisoma. Akauliza kuhusu miguu kuvimba, na kweli ilikuwa imevimba. Akaandika dawa za moyo. Mwamvua alinitazama. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli langu la uji. Nilijiambia nimeapa. Nilijiambia pia, na hili ndilo linaloniuma, kwamba nikisema, nami kazi sina.

Dawa za moyo alikunywa wiki saba. Hospitali kubwa alifikishwa siku ambayo hata jina lake alishindwa kulitaja, wakamwekea hewa, na kesho yake adhuhuri akafa. Tulimwosha mie na dada zake. Sikuweza kulia mbele ya watu, nilijiona sina haki ya kulia.

Baada ya msiba Samiha akarudi kiwandani, safari hii peke yake. Wenzake walikuwa bado wanazozana, mmoja na vumbi lake, mwingine na pumzi zake, na yeye akawaambia hakuna chombo kibovu, ila hakuna aliyewauliza wanawake. Akatandika kanga karibu na sisi wakati wa chakula. Anakula muhogo wetu, anasikiliza, hana haraka. Siku ya nne akaniuliza, "Mama Mwanasiti, mtu akiumwa hapa, mnamsaidiaje?" Nikamjibu tunamchangia, basi. Nikainuka kwenda kunawa.

Ningenyamaza mpaka kaburini, nakwambia kweli. Lakini Jumamosi moja nikamkuta Sele kwenye geti la kiwanda, na pembeni yake Shadya, kavaa dera la mama yake, limempwaya. Nyapara wetu, Mwinyijuma, alikuwa anaandika jina lake.

"Anaanza mwezi ujao, shemeji," Sele akaniambia. "Ameomba nafasi ya mama yake na amepewa. Mfundishe mwanao kazi."

"Brashi?" nikasema. "Sele, mtoto huyu brashi?"

"Kwani brashi ina nini? Mwamvua kafa kwa moyo, na moyo ni amri ya Mungu. Kiwanda hakina kosa, karatasi ninayo."

Shadya akanisalimia. "Shikamoo mama mdogo." Nilikwenda moja kwa moja kwa Samiha, nikamwambia yote, nimesimama, sikutaka hata kukaa.

Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Ni wewe peke yako?" Nikamwambia anipe siku moja. Nikawazungukia wenzangu, nikalia, nikawatukana, wakasema. Kati ya wanawake kumi na wanne wa brashi, tisa walipuliziwa na watu wengine. Mmoja kapuliziwa na mwanawe.

Yaliyofuata yanajulikana. Watafiti walikaa meza moja kwa mara ya kwanza. Samiha akaubana uongozi mpaka ukatoa barua yenye muhuri kwamba hafukuzwi mtu kwa kifua chake. Tukapimwa upya, daktari akatazama nyuso, injinia akaweka vipimo vyake begani kwetu badala ya ukutani. Leo katani inanyunyiziwa maji kabla ya kuchanwa, feni zinavuta, na kila baada ya miezi mitatu mtu anahamishiwa kwingine. Nyusi zetu zimekuwa nyeusi. Wanakuja wageni kutazama, wanatusifu.

Lakini kabla ya hayo yote ilinibidi niende kwa Sele. Samiha alijitolea kunisindikiza, nikakataa. Nilimkuta uani baada ya alasiri, anapiga randa ubao wa mlango. Nikamweleza tangu bombani mpaka zahanati. Sikujitetea. Nilisubiri anitupie ile randa, na ningeshukuru.

Akaiweka chini. Akakaa juu ya ubao, akawa anaokota maranda, moja moja, anayarundika.

"Nilimgombeza," akasema.

"Nani, shemeji?"

"Mke wangu. Wiki zile za mwisho. Anashindwa kuteka maji, anashindwa kufika chooni, nami namwambia anajilegeza. Namtolea karatasi, namsomea. Namwambia, Mwamvua, mapafu yako mazuri kuliko ya wenzako wote, inuka, acha uvivu." Alisema haya bila kuniangalia. "Siku moja nilimnyang'anya mto. Nilimwambia mtu mzima halali mchana."

"Na yeye alisema nini?"

"Aliinuka, akafagia uwanja."