Chanja ya Bangwe

Mzee Feliksi alirudisha kikombe kikiwa nusu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Kudra aanze kuuza kahawa pale Ujiji.

"Binti yangu, leo umetuchemshia kahawa au mchuzi?"

Kijiwe kizima kikacheka. Kudra hakucheka. Utani huo ulishazoeleka, na baadhi ya wateja walishahamia kwa muuzaji wa stendi. Wakihama na hawa, birika lake litabaki pambo.

Kahawa aliipata Kalinzi, kwa mkulima yuleyule. Aliitwanga mwenyewe kuondoa ganda, akaipepeta, akaikaanga, akaisaga na tangawizi. Hakubadilisha kitu. Aliyebadilika ni mumewe, Edson. Mvua zilipoipa kahawa unyevu, alijitolea kwenda kuianika. Kila asubuhi alifunga gunia kwenye baiskeli, jioni akarudi nalo. Edson, mvuvi wa Kagunga, ambaye hata kikombe chake haoshi! Wema huo umetoka wapi?

"Unaianika wapi?" Kudra alimuuliza jioni ile.

"Penye jua," alijibu huku akimega ugali.

"Kwa dada yako, Buzebazeba?"

"Mmh."

Ile "mmh" haikumtosha Kudra. Asubuhi akampigia simu wifi yake, Melania.

"Kahawa? Wifi, hapa sijaona hata punje."

Basi anauza nzuri, ananiletea makapi, Kudra akawaza. Au kuna mwanamke anayeinywa. Kudra alijitanda kanga, akapanda bodaboda, akaifuata ile baiskeli kwa mbali hadi mwaloni Bangwe, wavuvi wanakoshusha samaki. Akajibanza nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, akamsubiri mnunuzi.

Mnunuzi hakuja. Edson alichukua ufagio, akafagia chanja moja ya waya, akamwaga kahawa na kuanza kuitandaza kwa viganja, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Kushoto dagaa, kulia dagaa.

"Edson!"

Akaruka. "Mama Bariki! Umefuata nini huku?"

"Kahawa yangu imefuata nini huku?"

"Si ulisema mwenyewe? Isianikwe chini, ianikwe kwenye chanja."

"Chanja ya kahawa, Edson! Kama za Kalinzi!"

"Za Kalinzi nimeziona wapi mimi? Chanja ninazozijua ni hizi." Akajitetea zaidi: "Na dagaa niliwaondoa kwanza. Nikafagia."

"Mbona ukanidanganya uko kwa Melania?"

"Melania umemtaja wewe. Ningesema Bangwe, ungesema mvuvi hajui kahawa."

"Na hajui!"

Kudra akachota kiganja, akanusa. Mchuzi mtupu. Kahawa hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani yake, na Edson aliishi na dagaa puani miaka yote, asingeisikia hata kidogo. Gunia zima lilikuwa limeharibika.

Jioni Kudra alikwenda kijiweni na birika la maji ya tangawizi, mume akimfuata nyuma. Akawaeleza yote, bila kuficha.

"Kahawa hakuna mpaka ije nyingine. Ile siwauzii tena. Anayetaka kuhama, stendi si mbali."

Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyepokea kikombe pia. Mwishowe Mzee Feliksi alinyoosha mkono, akakisogeza kikombe puani, akanusa. Akamtazama Edson. Akanusa tena.

"Mama, haya maji," akauliza, "umeyachota wewe, au ulimtuma huyu?"