Shamba Lililomezwa na Mshono

Shumaila alikuwa ameshazoea ramani zenye ukaidi. Kazi yake katika ofisi ya ardhi ilikuwa kuchukua ramani za vijiji zilizochorwa kwa mkono na kupigwa skana, na kuzirudisha mahali pake duniani. Unabonyeza kona ya msikiti kwenye ramani, kisha kona ya msikiti uleule kwenye picha ya setilaiti. Unaenda kwenye daraja la mfereji, unaenda kwenye jiwe la mpaka, mpaka ramani ikubali kulala juu ya picha bila kuvutana. Hapo ndipo unaanza kufuata mipaka kwa kipanya, shamba baada ya shamba. Zipo ramani zinazolala kama mtoto aliyeshiba. Hii ya Kot Mehram, kijiji alikozaliwa mwenyewe, ilimtesa wiki nzima.

Akiibana upande wa kaskazini, kusini kunapanda juu. Akiibana kusini, msikiti unaingia kwenye bwawa la kuogea nyati wa kufugwa.

"Dada Shumaila, msikiti umekwenda kuoga tena?" aliuliza Bwana Tauqir, msimamizi wake, akichungulia nyuma ya bega lake na kikombe cha chai mkononi.

"Na sabuni umebeba. Hebu angalia hapa, Bwana Tauqir. Shamba namba mia mbili kumi na nne halipo. Daftari linasema lipo, ni la mjane mmoja anaitwa Hajran. Lakini kwenye ramani inakuja kumi na tatu, halafu kumi na tano."

"Tazama kwenye ile kubwa ya karatasi."

"Ile mchwa walishakula upande huu wote. Imebaki hii ya kitambaa aliyokuwa akitembea nayo patwari wa kijiji."

Tauqir alikuwa mtu mwema, ila wakubwa wa Lahore walikuwa wakimpigia simu kila asubuhi. Alipuliza chai yake. "Basi andika 'haionekani kwenye ramani', twende mbele. Alhamisi faili linafungwa. Atakayelalamika, mahakama ipo."

Ni kweli, mahakama ipo. Shumaila alikuwa akiwaona watu wa kesi za ardhi kila siku wamekaa kwenye benchi pale nje, watu walioanza na nywele nyeusi na sasa wana mvi. Hajran alikuwa na mvi tayari. Shamba lake lilikuwa ukanda mwembamba kando ya mfereji, anapokata majani ya nyati wake wa maziwa, na zaidi ya hilo hakuwa na ardhi nyingine popote. Huyo Hajran, Shumaila alimwita mama mdogo tangu alipojua kusema, kwa sababu alikuwa shoga wa mama yake.

Akaenda kabatini kuitoa ramani yenyewe. Kwenye kompyuta alikuwa ameona mstari mweusi ukikata katikati, akadhani ni alama ya mkunjo. Alipokitandaza kitambaa mezani akaona kuwa ni mshono. Uzi wa kijani, mishono midogo iliyolingana, na kila baada ya mwendo kidogo uzi umerudishwa nyuma mara moja ili usifumuke. Hakuhitaji kuambiwa ni mkono wa nani. Sare zake zote za shule zilishonwa hivyo. Mama yake, Fazilat, alikuwa amefariki msimu wa baridi uliopita.

Akapitisha vidole upande wa nyuma. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa ndani pande zote mbili, kinene kama pindo la blanketi, na ndani ya mkunjo huo ndimo lilimokuwa shamba la Mama Mdogo Hajran, lote, pamoja na vipande vya mashamba ya majirani zake. Shumaila alicheka peke yake. Mama wewe! Umemmeza shoga yako! Kisha akakumbuka kwamba mshono huo lazima ufumuliwe, kicheko kikamkauka.

Wembe ulikuwepo kwenye droo. Angeweza kuumaliza pale pale na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini baba yake alikuwa hai, na mshono ule ulikuwa wa baba yake kuliko ulivyokuwa wa serikali. Akaomba ruhusa kwa Tauqir, akasaini, akakiweka kitambaa kwenye mkoba, akaenda nacho nyumbani.

Mzee Manzur, baba yake, ndiye aliyekuwa patwari wa Kot Mehram, karani wa ardhi za kijiji, mpaka alipostaafu. Alimkuta uani juu ya kitanda cha kamba, amevaa kizibao chake cha kijivu kilichofungwa kwa pini pale ambapo kifungo cha katikati kilitoka. Kilitoka siku chache baada ya mazishi. Mkamwana aliomba akishone, Shumaila akaomba, mzee akawa anajibu "kesho". Kifungo chenyewe alikuwa anatembea nacho mfukoni.

Alipoiona ramani alikaa wima. "Alaa! Huyu bado yuko hai?" Akaitandaza juu ya kitanda, na mkono wake haukwenda kwenye msikiti wala kwenye mfereji. Ulikwenda moja kwa moja kwenye uzi wa kijani na kutulia hapo.

Shumaila akamweleza yote, kuanzia msikiti bwawani mpaka faili la Alhamisi. Mzee alisikiliza bila kuinua macho.

"Mia mbili kumi na nne," alisema. "Kila mtu anajua ilipo."

"Wewe unaijua, Abba. Kompyuta haijui."

"Ifundishe."

"Nitaifundisha kwa kitu gani, nikiwa sina mchoro? Lazima tufumue."

"Hapana."

"Abba..."

"Nimesema hapana, binti yangu. Mablanketi aliyoshona wamegawana kaka zako. Kanzu zangu zimechakaa. Ukinitafutia kitu kingine alichokishona yule mwanamke ambacho hakijaisha, nitakupa wembe mimi mwenyewe." Akageuza uso upande wa ukuta. Shumaila naye alimkumbuka mama yake, kila siku, hasa saa hizi za jioni anaporudi kutoka kazini na hakuna wa kumuuliza amekula nini.

Mlango wa uani ukagongwa kwa teke, kwa sababu mikono ya mgongaji ilikuwa imejaa. Ni Hajran huyo, na ndoo ndogo ya maziwa na bakuli la mboga ya haradali.

"Kaka Patwari, umekonda. Huyu mtoto anakulisha kompyuta?"

"Karibu, Mama Mdogo," Shumaila alisema, akapokea ndoo.

"Niambie, wewe uliyesoma. Na mimi wameshaniingiza humo ndani? Jirani anasema ambaye hayumo, hana lake."

Shumaila alimtazama baba yake. Mzee alikuwa anatazama mboga.

"Bado kidogo," Shumaila alijibu, na uongo ule ukamchoma.

Hajran alikuwa ameshaiona ramani, akapiga makofi. "Ee! Kitambaa hiki! Kaka Patwari, si ndicho kilichokupasukia kwenye mkunjo mwaka ule wa mvua, na mkaguzi yuko njiani? Ulikuwa umekaa hapo hapo unatetemeka, unasema kazi imekwisha. Mimi ndiye niliyeshika ncha hii, Fazilat anashona. Nikamwambia, dada, unakula kitambaa sana, punguza. Akanijibu nini? 'Mshono mwembamba ni wa wanawake wavivu, kama wewe.'" Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ulimi ule! Mungu amrehemu. Alishona kama mtu anayejua kwamba ataondoka mapema."

Alikuwa amesimama pale pale, kidole chake juu ya uzi, juu ya shamba lake mwenyewe, na hakujua. Aliulizia habari za wajukuu, akakataa chai, akasema nyati hangoji mtu, akaenda zake.

Mzee Manzur alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanzu, akaivaa tena.

"Alishika ncha," alisema. "Siku nzima alishika ncha."

"Ndiyo, Abba."

"Fazilat angejua amemfanyia hivi Hajran, asingelala." Akanyoosha mkono. "Lete wembe. Usiguse wewe, una papara kama mjomba wako."

Alikata fundo la mwisho tu. Mishono yote aliivuta polepole kwa ukucha, mmoja baada ya mwingine, na kila uzi uliotoka uliingia mkononi mwa Shumaila, naye anauzungusha kwenye kijiti cha kiberiti. Palipogoma, mzee alinung'unika, "Mwanamke huyu!" na kungoja kidogo kabla ya kuendelea. Wakati mmoja Shumaila aliona chozi limedondoka juu ya bwawa la nyati, akaliacha, nalo likakauka.

Kitambaa kilipoachana vipande viwili, walivisogeza mpasuko kwa mpasuko. Ndani ya mkunjo jua halikuwahi kufika. Kitambaa kilikuwa cheupe, wino mwekundu mpya kabisa, na pale vipande vilipokutana namba iliungana: mia mbili kumi na nne, kwa mwandiko wa kijana ambaye sasa alikuwa mzee aliyeegemea ukuta, anapumua kwa nguvu.

"Nilikuwa na mwandiko mzuri," alisema.

"Bado unao, Abba."

"Acha uongo."

Siku iliyofuata waliipiga skana upya, vipande vimelazwa bega kwa bega. Shumaila akabonyeza msikiti, daraja, jiwe la mpaka, na ramani ikalala. Kila kitu kilikaa mahali pake, na kando ya mfereji, ukanda wa kijani wa majani ya nyati ukaingia ndani ya mistari yake barabara. Tauqir aliinama kwenye kioo.

"Hizi nukta nukta safu mbili ni nini? Mpaka wa zamani?"

"Matundu ya sindano."

"Ya nani?"

"Ya mama yangu," Shumaila alisema, akaendelea kufuata mpaka wa Hajran kwa kipanya, polepole kuliko alivyowahi kufuata mpaka wowote. Faili lilikwenda Alhamisi likiwa na shamba ndani yake, na kitambaa kikarudi kabatini vipande viwili.

Jioni hiyo alimkuta mzee amekaa na shati tu, kwenye baridi ile. Kizibao kilikuwa magotini, pini imetolewa. Kando yake palikuwa na sindano, kifungo, na kile kijiti cha kiberiti chenye uzi wa kijani.

"Macho yangu hayaoni tundu," alisema, kana kwamba tatizo siku zote lilikuwa macho.

Shumaila alikaa karibu naye, akatunga uzi, akaanza kushona. Hakuwahi kuwa hodari wa sindano, na mama yake hakuwahi kumficha hilo. Alipita mara chache, akataka kufunga fundo.

"Zungusha tena," baba yake alisema.

"Imetosha, Abba, haitatoka."

"Zungusha tena. Mshono mwembamba..." akashindwa kumalizia.

Shumaila akazungusha tena, na tena, mpaka uzi wote ukaisha.