Meno Manne ya Mwalimu

Pale kliniki daktari wa meno walimbatiza jina la Dakika Kumi, naye alilivaa kama nishani. Kung'oa, dakika kumi. Kuziba, dakika kumi. Msaidizi wake, dada aliyekuwa na miaka sita ya kufagia nyuma ya haraka zake, alijua kuwa dakika hizo zilikuwa za daktari peke yake. Mgonjwa alikwenda kuzimalizia nyumbani, mwaka mzima.

Asubuhi hiyo kitini alilala mwalimu wa darasa la kwanza. Maji ya kisima cha kwao, yenye madini ya floraidi kupita kiasi, yalimwachia mabaka ya kahawia kwenye meno manne ya mbele, juu, na mengine hafifu kwenye ya chini, tangu utotoni. Akazoea kufundisha amefunika mdomo kwa kiganja, hadi mkaguzi alipoingia darasani akakuta watoto arobaini wanasoma "ba, be, bi", kila mmoja kajiziba mdomo. Walidhani ndivyo kusoma kulivyo.

"Mkaguzi alicheka mpaka akakaa," mwalimu alimsimulia msaidizi. "Yakibaki haya, dada yangu, naomba kazi ya stoo. Darasani sirudi."

Kazi yenyewe yataka subira. Jino hupakwa jeli ya asidi dakika mbili, vitundu vya gamba lake vifunguke. Husafishwa, hukaushwa, kisha hupitishiwa spiriti. Spiriti ndiyo shahidi: doa likififia, hutiwa rezini, utomvu wa kujaza vile vitundu, inamulikwa kwa taa ya buluu, inaganda. Lisipofifia, asidi inarudiwa. Ukiwahi kutia rezini umelifungia doa ndani, na asidi haipenyi tena.

Asidi ya kwanza ikasafishwa, spiriti ikapita. Madoa yakabaki palepale, rangi ya kutu.

"Nipe rezini," akasema Dakika Kumi, jicho kwenye saa ya ukutani.

"Hayajafifia, Daktari."

"Yatafifia mbele ya safari."

"Safari ya nani? Wewe unabaki hapa."

"Hiyo diploma yako imekupanda kichwani."

"Digrii yako nayo ingeshuka machoni, ungeliona doa."

Dakika Kumi akanyoosha mkono. "Leta, au leo ndiyo mwisho wako hapa."

Msaidizi alimtazama kama mtu anavyotazama soksi yenye tundu. Kazi aliihitaji. Lakini bomba la rezini lilikuwa kwenye ngumi yake, na ngumi akaipeleka mgongoni. Kwa mkono wa pili akashika kioo juu ya uso wa mgonjwa.

"Mwalimu, ukikubali rezini sasa, utabaki hivi. Unataka?"

Mwalimu alikuwa ametandikiwa mpira wa kuzuia mate mdomoni, hawezi kutamka neno. Akainua kidole, akakitikisa polepole, kama anavyomkatalia mtoto aliyeomba kutoka nje mara ya tano. Kisha akakielekeza kwenye jeli ya asidi.

Dakika Kumi akarudia, amenuna kama mtu anayeoshea wengine vyombo. Mara ya pili, bado. Mara ya tatu spiriti ilipopita, kahawia ikayeyuka, ukabaki ukungu mdogo kwenye jino moja la kushoto. Hapo ndipo msaidizi alipofungua ngumi.

Rezini ikatiwa, ikamulikwa, taa ikazimwa, mpira ukatolewa. Mwalimu alijitazama kiooni, akapitisha ulimi juu ya meno.

"Umeiona kazi yangu?" akauliza Dakika Kumi, kifua mbele.

"Nimeiona ya kwanza. Hizi mbili za mwisho zilikuwa za huyu dada." Mwalimu akachukua mkoba. "Ya chini nije lini?"

"Wiki ijayo. Ila huyu hutamkuta."

"Basi na mimi hutanikuta." Akamgeukia msaidizi, ambaye tayari alikuwa anavua aproni. "Ukipata pa kufanyia kazi, nitumie ujumbe. Meno ya chini yamengoja miaka thelathini, yatakungoja."

Dakika Kumi akamwita mgonjwa anayefuata. Benchi zima la wagonjwa mlangoni lilikuwa limesikia, na hakuna aliyesimama.