Kabati la Boila

Tangi zima la maziwa lilikuwa limemwagwa alfajiri, na harufu yake bado ilikuwa imeganda kwenye korido wakati meneja alipowaita wote wawili ofisini.

Fundi wa mtandao alitangulia kuingia. Kiwandani walimwita Bi Waya, na jina lilimkaa kwa sababu hakulikataa. Nyuma yake aliingia mjomba wake, mkuu wa boila, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Mvuke, ingawa Bi Waya mwenyewe hakuwahi kumwita hivyo hata kwa utani. Mjomba huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Ndiye aliyemnunulia kompyuta ya kwanza, mtumba uliochoka, uliokuwa ukizimika hata ukipiga chafya karibu yake. Ndiye pia aliyemwambia meneja wa zamani, "Nina mpwa wangu anayajua mambo ya mitandao, mjaribuni."

"Haya, niambieni," meneja akasema. "Boila imejipunguza moto, maziwa yamepita hayajachemka sawasawa, maabara wameyakataa. Nani aliigusa?"

"Hakuna aliyeigusa kwa mkono," Bi Waya akajibu. "Amri ilikuja kwa mtandao."

"Mtandao ulioujenga wewe."

"Ndiyo."

Aliujenga kweli, tena taratibu, kipande kwa kipande. Mashine zilikuwa na mtandao wao na ofisi ilikuwa na wake, na kati ya hiyo miwili kulikuwa na geti moja tu, ambalo yeye ndiye aliyelilinda. Watu wa ofisini walinuna. Walitaka kutazama matangi kwenye simu zao huku wanakula. Mtu wa mauzo alimwuliza kama hata chai yake huwa anaipitisha getini kwanza. Bi Waya alicheka na wenzake, lakini geti halikufunguliwa. Alijua kwamba barua pepe ya uongo ikimvuruga karani, hasara ni ya karatasi. Ikiifikia boila, kuna mtu atakuwa amesimama mbele yake.

"Mzee, wewe unasemaje?" meneja akauliza.

Bi Waya alimgeukia mjomba wake bila wasiwasi. Alitegemea aseme alichokuwa akikisema siku zote, kwamba mtoto huyu hafanyi kazi nusunusu.

Mjomba akakohoa. "Mimi ni mtu wa moto na maji, bosi. Mambo ya nyaya ni yake. Kila waya uliomo humu ameupitisha yeye. Kama kuna tundu, basi ni tundu lake."

Hakusema "mpwa wangu". Alisema "yeye".

Meneja aliandika kitu, kisha akafunika kalamu. Boila isingewashwa mpaka tundu lijulikane. Malori ya maziwa yalikuwa njiani, yangefika mchana. "Mkishindwa, naita kampuni ya nje," akamwambia Bi Waya. "Utawakabidhi funguo zako zote, halafu tutazungumza kuhusu ajira yako."

Kwenye korido alitaka kumwuliza mjomba, lakini mzee alikuwa ameshatangulia, akishuka ngazi kwa upande, mguu mmoja mmoja, kama kawaida yake tangu magoti yaanze kumsumbua. Bi Waya akajiambia kwamba mtu akishtuka husema ovyo. Akaenda kufanya kazi.

Alianza na geti. Lilikuwa salama, hakuna aliyelipita wala kulijaribu. Amri ile ilikuwa imetoka ndani, upande wa mashine. Maana yake kulikuwa na mlango wa pili, na mlango huo ulikuwa ndani ya mojawapo ya makabati ya chuma yaliyotapakaa kiwandani, kila moja na nyaya zake na swichi yake.

Makabati hayo walikuwa na utaratibu wa kuyakagua. Kila mwanzo wa juma, kabla ya boila kupandishwa moto, Bi Waya alikaa kwenye skrini na kuita namba kwa redio ya mkononi, na mtu aliye kwenye kabati alifungua, akatazama, akajibu, "Safi." Kwa makabati mengine walibadilishana; juma hili fundi umeme anajibu, juma jingine Bi Waya mwenyewe. Kabati la boila lilikuwa tofauti. Siku walipokuwa wakifunga kufuli, Bi Waya alitaka kila kabati liwe na funguo mbili, mmoja wake na mmoja wa mwenye sehemu. Alipofika kwenye la boila, mjomba alicheka mbele ya watu. "Na mimi unanifungia, mama?" Akaona haya, akamwachia funguo zote. Mmoja ulipotea. Uliobaki mzee aliufunga kwa kamba akauvaa shingoni, na tangu hapo ni yeye tu aliyejibu kutoka kwenye kabati hilo. Bi Waya hakuwahi kusema, "Mjomba, nipishe na mimi niangalie." Maneno hayo hayakuwa na njia ya kutokea kinywani mwake.

Alizunguka na fundi umeme, kabati baada ya kabati. Fundi umeme alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Wewe Bi Waya, tukikuta panya humu tumshtaki?"

"Tutamwomba kitambulisho kwanza."

"Ukimkuta anatumia moja mbili tatu nne, usimwonee huruma."

Hapo alimwigiza Mzee Mvuke. Bi Waya alipowafundisha wafanyakazi habari za nywila, mzee ndiye aliyesimama na kuwachekesha wote: "Sikieni, wanangu, moja mbili tatu nne si nywila, ni wimbo wa chekechea."

Walipolimaliza la mwisho huku juu, halikubaki jingine ila la boila. Bi Waya alimwambia fundi umeme apumzike. Alishuka peke yake.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi, amenyoosha miguu. Boila ikizimwa chumba kile huwa kimya mpaka unasikia bomba likipoa.

"Shikamoo tena, mjomba. Naomba ufunguo wa kabati."

"Wa nini? Kabati hilo nimeshaliangalia. Liko safi."

"Nataka tu nimalize yote."

"Ufunguo nimeusahau nyumbani," mzee akasema, akainuka. "Ngoja nikatafute chai."

Kamba ilikuwa shingoni kwake. Ilionekana wazi kwenye ukosi wa shati, nyeusi kwa jasho. Bi Waya aliitazama ikipita mbele yake na kupanda ngazi. Hata wakati huo alijaribu kumtafutia sababu: labda amechoka, labda maneno ya meneja yamemchoma. Kisha akachukua bisibisi, akazunguka nyuma ya kabati, akafungua skrubu nne alizozikaza mwenyewe.

Chini kabisa kulikuwa na kisanduku ambacho hakukiweka yeye, kidogo kama sabuni ya kipande, kimechomekwa kwenye swichi ya mtandao. Taa yake ya kijani ilikuwa ikipepesa bila haraka. Ndani kilikuwa na laini ya simu, na antena yake ilikuwa imebandikwa kwenye bati kama popo. Nyaya zake zilikuwa zimefungwa vizuri mno, ncha za vifungo zimekatwa na kugeuzwa chini ili zisimkwaruze mtu mkono. Mbali na Bi Waya, ni mtu mmoja tu kiwandani aliyefunga hivyo, na ndiye aliyemfundisha na yeye kufunga hivyo. Bi Waya aliunganisha kompyuta yake ndogo, kisanduku kikamwomba nywila. Akaandika moja, mbili, tatu, nne. Kikamkaribisha.

Wageni walikuwa wamekaribishwa vivyo hivyo. Kumbukumbu za kisanduku zilionyesha namba ngeni zikija kubisha kwa majuma mengi, na alfajiri ile mmoja alikuwa ameingia na kuchezea boila kama mtoto anavyochezea swichi ya taa.

Mjomba alirudi na vikombe viwili. Aliona bati la nyuma likiwa chini, akaviweka vyote kwenye benchi.

"Umepitia nyuma."

"Ndiyo, mjomba."

"Magoti yangu unayajua." Alikaa polepole. "Kila geji ikitikisika nashuka ngazi zile, nazipanda, nashuka tena. Wakala mmoja wa vipuri akaniambia, mzee, unateseka bure, weka hiki, presha utaiona kwenye simu ukiwa kitandani."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa hiki. Ningekuwekea skrini kule juu, mlangoni. Ni kazi ya siku moja, mjomba."

Mzee alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

"Asubuhi ofisini ulikuwa unajua?" Bi Waya akauliza.

"Nilihisi."

"Na ukasema ni tundu langu."

"Nilijua wewe hutakosa njia ya kutoka. Una akili." Sauti yake ikashuka, ikawa ile ya kubembeleza mtoto anywe dawa. "Sikiliza, mama. Sema ulikiweka wewe kwa majaribio, ukakisahau. Wewe bado kijana, watakukaripia, yatapita. Mimi nimebakiza kidogo nistaafu. Watanitupa kama tambara."

"Na kila nilipoita namba ya hapa, ulikuwa ukinijibu safi."

"Boila ilikuwa safi."

Bi Waya alikichomoa kisanduku. Taa ikazimika. Chai yake aliiacha palepale.

Ofisini alikiweka mezani mbele ya meneja, akaeleza kilivyofanya kazi na jinsi mgeni alivyoingia. Mjomba alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Nani alikiweka?" meneja akauliza.

Bi Waya alimgeukia mjomba wake na kumsubiri. Alimsubiri kama alivyokuwa akimsubiri getini shuleni, kwa imani kwamba amechelewa tu, atakuja. Meneja naye akasubiri. Mzee alikuwa akitazama malori yakipanga foleni nje.

"Mimi kitu hicho sikijui," akasema.

Kwa muda kidogo Bi Waya aliona njia zote mbili. Angeweza kusema "ni mimi", na mzee angestaafu na saa yake ya ukutani na picha ya pamoja. Na mwanzo wa juma yeye angeita namba kwa redio, na kila atakayemjibu "safi" angekuwa anamjibu fundi aliyeweka tundu kwenye ukuta wake mwenyewe.

"Kilikuwa ndani ya kabati la boila," akasema. Sauti yake haikupanda. "Ufunguo wake ni mmoja. Mjomba anao shingoni."

Mzee aliivua kamba shingoni, akauweka ufunguo mezani, upande wa meneja. Akatoka bila kumtazama.

Malori yalipoanza kushusha, simu ya mama yake ikaita.

"Kaka yangu yuko hapa analia," mama akasema. "Umemfanya nini?"

Bi Waya alimweleza yote, bila kuongeza chumvi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Angekuwa yeye angekuficha," akasema.

"Aliniuza mara mbili, mama. Mezani palepale, mimi nikiwa nimesimama."

"Ni mjomba wako."

"Najua."

"Amekulea."

"Najua, mama."

Mama alivuta pumzi. "Jumapili usije kula hapa. Mwache kwanza atulie."

Simu ikakatika. Bi Waya alikaa nayo mkononi kidogo, labda ingeita tena, kisha akashuka kwenye chumba cha boila. Fundi umeme alikuwa ameshalala chali chini ya kabati akikagua nyaya, safari hii bila mzaha wowote.

"Mzee anarudi kesho?" akauliza.

"Sijui," Bi Waya akasema, na hilo lilikuwa kweli. "Nishikie taa hapa."