Wale Walioandikwa Wamepona

Mara ya kwanza tulicheka. Mshauri yuko ng'ambo na hukutana nasi kwa video kila Jumanne asubuhi. Siku hiyo alimaliza kutusalimia, akauliza, "Na hao waliokaa nyuma yenu, hawajambo?"

Nyuma yetu kulikuwa na ukuta na kalenda. Ofisini tulikuwa wawili tu, mimi na Mkuu wa Kitengo.

"Baridi ya kwao imemwingia machoni," Mkuu alininong'oneza.

Kitengo chetu hupima kama kifaa cha tiba kinawafaa watu wetu, kabla waziri hajakiahidi jukwaani. Kazi hii ni changa kwetu, ndiyo maana tumeungana na nchi jirani tatu, tukaletewa Mshauri pamoja na modeli yake: jedwali kubwa la kompyuta linalokwambia kifaa kitaokoa wangapi. Safari hii tulipima mashine za oksijeni kwa zahanati ndogo. Modeli ilisema hazihitajiki, kwa sababu wagonjwa wengi wa kifua hupona bila hizo.

Jumanne ya pili Mshauri alisema, "Leo mmekuja wengi." Kiswahili chake alikisomea chuoni, kimenyooka kama kimepigwa pasi. Hakuna aliyeweza kusingizia kwamba amekosea neno.

Nilipekua orodha ya wagonjwa tuliyoilisha modeli. Haina majina, ina namba. Namba 207: mwanamke, miaka arobaini na sita, zahanati ya darajani, alionekana mara ya mwisho tarehe nne. Tarehe nne nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika mkono mama mdogo, aliyenilea, tukaambiwa mashine ya oksijeni ni moja na ina mtu, turudi kesho. Kesho yake tulikuwa msibani.

Mbele ya namba yake paliandikwa: AMEPONA.

Kwao Mshauri, asiyerudi hospitali huhesabiwa kuwa amepata nafuu. Kwetu, nani hurudi zahanati kutoa taarifa ya maiti? Karani huandika "hakurudi", modeli inasoma "amepona". Walioandikwa hivyo walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Namba zao za simu nilizitoa kwenye daftari za zahanati, nikazipiga zote, siku nne mfululizo. Wazima niliwapata sitini. Mia na themanini, waliopokea simu walikuwa ndugu zao, na wengi walianza kulia kabla sijamaliza kujitambulisha. Waliobaki hawakupatikana.

Nilimpelekea Mkuu hesabu hiyo.

"Binti, modeli si yako," alisema. "Ni ya nchi nne. Ripoti inasainiwa Jumanne. Ukiigusa utatuaibisha mbele ya wageni."

"Ikisainiwa, zahanati hazipati mashine."

"Tutaomba tena mwakani."

"Na hao wa nyuma tuwaambie wasubiri mwakani?"

Safari hii hakucheka. Ndipo nilipoona kwamba alikuwa amekigeuza kiti chake, mgongo umegusa ukuta.

Jumanne ya tatu Mshauri alianza kusoma ripoti, akakatiza. "Samahani. Yule mama wa sweta la njano anakohoa sana. Mwaweza kumpa maji?"

Nikauliza, "Sweta lina kifungo kimoja cheupe?"

"Ndiyo. Vingine vyeusi."

Kifungo kile nilikishona mimi. Na sweta lenyewe liko nyumbani, ndani ya sanduku langu.

Mwenzetu wa nchi jirani, tunayemwita Dada Takwimu kwa kuwa hajawahi kusema lolote lisilo na desimali, alifungua maikrofoni yake.

"Wa kwenu wamekaa au wamesimama?"

"Wamekaa," Mshauri alijibu kwa niaba yetu. "Nilidhani ni wafanyakazi. Kote kwenu nilidhani ni wafanyakazi."

"Wa kwetu wamesimama," alisema Dada. "Mshauri mwenyewe aliniambia mlangoni hapapitiki."

Sikuomba ruhusa. Niliifungua modeli mbele ya wote, nikaanza na wale niliowathibitisha. "Namba tatu. Amefariki." Nikafuta neno moja, nikaandika jingine.

"Mmoja ametoka," alisema Mshauri. Sauti yake ilikuwa imepoteza pasi.

"Namba kumi na moja. Amefariki."

"Mwingine."

Mkuu alikuwa ameshakimbilia korido. Dada Takwimu naye akaanza kusoma za kwao, sauti zetu zikapishana, saa nzima na zaidi. Namba 207 niliiacha mwisho.

"Amebaki mama wa sweta," Mshauri alisema. "Ameinuka. Hatoki. Amesimama nyuma ya kiti chako."

Sikugeuka. Shingoni kwangu ikashuka pumzi, ndefu, laini, pumzi ya mtu asiyebanwa kifua.

"Namba mia mbili na saba," nikasema. "Amefariki."

Nikabonyeza. Modeli ikapiga hesabu upya: mashine zinahitajika, kila zahanati. Ripoti haikusainiwa. Mpya inaandikwa sasa, na nchi zote nne zinawapigia simu wasiorudi.

Leo Mkuu ameniletea karatasi na kalamu. Anataka niwaandikie washirika barua ya radhi kwa kuigusa modeli bila idhini. Ameninyooshea akiwa mlangoni. Humu haingii tena.

"Mstari mmoja tu, binti. Sema uliteleza, waombe radhi, yaishe."

Sikuteleza. Na siombi radhi.