Migongo Kumi na Miwili

Leo akija mtu kuniambia nitulie, tutagombana. Sijakaa kitako tangu jana.

Jana Bibiana alibisha hodi kwangu Nguvumali. Mumewe, Manase, alikuwa mchukuzi wa marobota ya katani ghalani. Jumatatu alianguka mzigo ungali mgongoni, hakuamka tena. Na mimi Uweso, mchoraji wa penseli, nilimchora mwaka mzima.

"Kesho saa nne misa," akasema. "Nataka picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Ya kitambulisho cha kazi imelowa jasho, uso umebaki doa. Simu yake ya kitochi haipigi picha. Wewe unazo."

"Ninazo tele, shemeji!" Nikafungua jalada kwa mbwembwe.

Wallahi, aibu kama ile sijapata kuiona. Picha kumi na mbili, zote mgongo. Mishipa ya shingo, fulana iliyochanika begani, nyufa za visigino, vyote vipo. Uso hata mmoja hakuna. Na mimi ndiye nijigambaye mjini kwamba nachora kazi ilivyo!

Bibiana akazipitia zote, moja moja. "Mwaka mzima umemtazama mume wangu," akasema, "na hukumwona."

Akaondoka. Bora angenitukana!

Alfajiri nikawa niko mtaa wa Mabawa, nagonga milango ya wachukuzi wenzake. Mmoja ananiambia pua yake ilikuwa nyembamba, mwingine pana. Wa tatu akanikasirikia: "Mzigo ukiwa mgongoni unaona nini, bwana? Miguu ya aliye mbele." Nikachora nyuso nne, nikazifuta zote nne, karatasi ikatoboka. Saa mbili na nusu nikaingia msibani mikono mitupu, nikamwambia Bibiana ukweli: simkumbuki.

Akamwita binti yake wa miaka tisa, Brightness, akamkalisha kwenye kigoda mbele yangu.

"Kila mtu husema huyu ni babake mtupu. Chora."

Nikashika penseli. Mtoto alikuwa ameinama analia, na mimi, kwa mazoea yangu yaliyolaaniwa, nilikwisha kuanza bega.

Bibiana akaweka kiganja juu ya karatasi, akalifunika lile bega.

"Hapana, Uweso," akasema. "Safari hii anza na macho."